Mnunuzi kaniandikia ata-"shelve" mzigo, nikachuma parachichi kreti 60. Hivi vitenzi vya Kiingereza mnavielewaje?

Binti_Kiwira

Habari za jioni wanajamvi. Niko Tukuyu huku, mvua inapiga toka saa nane na mtandao wenyewe wa kuvizia, kwahiyo nikichelewa kujibu mnivumilie.

Mimi na mama tuna shamba la parachichi, Hass, sio kubwa. Mwaka huu tukampata mnunuzi wa nje kupitia mtu, mzigo wa kwanza ukaenda vizuri hela ikaingia, nikaanza kujiona mama mwenye kampuni. Juzi kati nikapata imeili ya mzigo wa pili. Naiweka hapa ilivyo:

"Since prices have slipped, we have decided to shelve the second consignment. Suppliers will shoulder the cost of crates. We hope to iron out the rest soon."

Sasa mimi Kiingereza form four nilipata C, sio mbumbumbu. Nikasoma nikaelewa hivi: slipu najua, ile karatasi ya benki, nikajua bei zimeshaandikwa kwenye slipu. Shelve nikajua shelfu, na alishawahi kuniambia wanauza kwenye supamaketi, kwahiyo mzigo wa pili unaenda moja kwa moja kwenye mashelfu. Shoulder bega, nikajua wabebaji watasaidia kubeba kreti. Iron chuma, hapo nikapita tu.

Nikamwita mama nikamwambia tumepanda daraja, tunaenda shelfuni. Tukaita vibarua wanane, tukachuma siku mbili, kreti 60, kikonyo kimeachwa kifupi vizuri kama tulivyofundishwa. Siku ya tatu namwandikia gari linakuja lini, ananijibu gari la nini?

Mnajua Hass haliivi likiwa mtini, ukishalichuma ndo saa inaanza kuhesabu. Mama kakaa sebuleni anapapasa moja moja na kidole gumba, hili kesho, hili keshokutwa, hili leo leo. Tumeishia kuuzia watu wa juisi Mwanjelwa kwa bei ambayo sitaiandika hapa.

Swali langu, hivi vitenzi ambavyo neno unalijua kabisa alaf maana sio hiyo, mnavijuaje? Kuna kanuni au mtu anakariri tu mpaka azeeke?

---

Kijana_wa_Mafiati

😂😂 pole dada, "tumepanda daraja tunaenda shelfuni" nimecheka mpaka konda kaniangalia. Mi huwa nanakili naweka kwenye Google Translate maisha yanaendelea, si ungefanya hivyo?

---

Binti_Kiwira

Kaka ningewekaje wakati nilijua nimeelewa? Neno nisilolijua ningelitafuta fasta. Hili nililijua, ndo kilichoniua.

---

Mwl_Kihesa

Kamwene. Nimefundisha Kiingereza sekondari hapa Iringa miaka 31, nimestaafu, saivi nafuga kuku na kusomea watu barua kama hizi, kwahiyo binti yangu usione aibu, nimeshaona za kutisha zaidi.

Kwanza jua kitu hiki wala sio cha Kiingereza peke yake. Kiswahili chako kimejaa hayohayo, hujawahi kuyaona tu kwasababu umezaliwa ndani yake. Mhazini wa kikundi akila hela za wanachama kuna mtu ameshawahi kuuliza amezila na mboga gani? Gari linakula mafuta, kutu inakula bati, mheshimiwa anakula kiapo, bibi amekula chumvi nyingi. Kitenzi kimoja kinafanya kazi zote hizo na hakuna anayeshika kamusi. Kuna kijana wa Kizungu alikuja kujitolea shuleni kwetu, wiki ile ndo kajifunza kupanda mahindi, akasikia sokoni wanalalamika bei imepanda, akaniuliza kwa upole kabisa, mwalimu, bei inapandwa mwezi wa ngapi? Sikucheka. Nilicheka nilipofika nyumbani.

Na tunavitengeneza vipya kila siku. Mzee Nyerere alipotoka madarakani 1985 alituachia kung'atuka, neno alilolitoa kwao kwa Wazanaki, na leo hata mwenyekiti wa kijiji anaambiwa ang'atuke. Mwishoni mwa 2015 alipoingia Magufuli tukaanza kusikia kutumbua majipu, na mkurugenzi akifukuzwa kazi watu wanasema ametumbuliwa, yaani mtu mzima amegeuka usaha na tunaelewana. Mfasirie mgeni hilo neno kwa neno uone sura yake.

Sasa imeili yako. "Slip" ni kuteleza. Bei zimeteleza, yaani zimeshuka kidogo. Wewe unakaa Tukuyu na hiyo mvua, kuteleza hupaswi kufundishwa. "Iron out" ni kupiga pasi, shati lina mikunjo unainyoosha, hata sisi si tunasema tutanyoosha mambo? Hapo anasema yaliyobaki tutayaweka sawa.

"Shelve" ndo iliyokumaliza. Wewe umewaza shelfu ya duka. Waza ofisi ya zamani, faili likiwa mezani linashughulikiwa. Bosi akisema hili tusilifanye sasa, karani analibeba analipandisha shelfuni na huko ni vumbi na buibui. Kwahiyo mzigo wako ume-"shelviwa", samahani kwa Kiswahili hicho, maana yake umewekwa kiporo. Kama mechi ya kiporo. Itachezwa siku ikijulikana.

Kanuni yangu niliyokuwa nawapa wanafunzi ni hii: ukikuta kitenzi cha kitu cha kushikika kimekaa na kitu kisichoshikika, simama hapohapo. Bei haina miguu, ikiteleza ujue ni picha. "Grasp" ni kukamata kwa mkono, ila mtu aki-"grasp" hoja ameielewa, na sisi tunasema somo limemshika au amelishika. "Digest" ni chakula tumboni, ila taarifa nayo inasagwa hivyohivyo. Hata "broadcast" mnayoisikia redioni kila siku, kabla redio haijakuwepo ilikuwa neno la shambani, kumwaga mbegu kwa mkono huku na huku. Watu wa kilimo mpaka leo wanalitumia hivyo. Redio ilipokuja nayo ikaonekana inatawanya sauti kama mtu anamwaga ulezi.

---

Dereva_Kitonga

Shkamoo mwalimu. Da Kiwira pole sana, ila mbona watu wote mmeruka kitu kibaya zaidi kwenye hiyo imeili? Someni tena hapo kwenye "shoulder".

"Suppliers will shoulder the cost of crates." Sapulaya ni nani hapo? NI WEWE. Bega ni lako. Gharama za kreti unabeba wewe. Mimi nimebeba mizigo Tunduma mpaka Dar na makaratasi ya Kiingereza nimeyasaini mengi, kwa hiyo hilo neno likitokea huwa naangalia haraka bega la nani kabla sijashika kalamu. Mwaka fulani nilisaini karatasi imeandikwa hivyohivyo kuhusu gharama za kusubiri mpakani, mimi nikajua tunasaidiana, nililala siku tisa na bili ikaja kwangu. Sitataja karatasi ilikuwa ya nani maana bado nawategemea.

Kuhusu bei, hapo nina somo langu mwenyewe na sijalipata darasani, nimelipata kwenye mlima wa Kitonga. Wazungu wana vitenzi vingi vya bei na kila kimoja ni mteremko wake au mlima wake. "Climb" ni lori limebeba tani 30 linapanda Kitonga, gia ya chini, unashuka unatembea pembeni yake mnapiga stori. Bei iki-"climb" inapanda pole pole ila inapanda. "Creep up" hata pole pole zaidi, inanyatia, unashangaa umefika. "Soar" hiyo ni tai, imepaa, magazeti yetu nayo huandika bei ya mafuta yapaa. "Rocket" huna hata muda wa kuitazama.

Kushuka sasa. "Dip" ni kale kabonde kadogo barabarani, unazama unaibuka, usiuze kwa woga kisa "dip". "Slip" umeteleza lakini bado umeshika usukani. "Slide" unateleza na hausimami, hapo anza kupiga simu. "Plunge" umetoka barabarani uko korongoni. "Plummet" ni korongo lenyewe tena kwa kichwa. "Crash" sitaki hata kuandika, usiku naendesha.

Kwahiyo dada, mnunuzi wako amekwambia "slip" tu. Hajasema "plunge". Soko halijafa.

---

Mwl_Kihesa

Dereva umenizidi. Nimefundisha miaka 31 na sijawahi kuifikiria Kitonga. Kuongezea tu, "plummet" zamani ilikuwa jina la kipande cha risasi, ile metali nzito, kinafungwa kwenye kamba kinatupwa majini kupima kina. Ndo maana ikitumika kama kitenzi inashuka wima bila kona, na mzizi wake wa Kilatini ndo huohuo uliozaa jina la fundi bomba kwa Kiingereza, maana mabomba ya kale yalikuwa ya risasi.

---

Mtogwa_Mtamu

Njombe hapa, baridi imenikalisha jikoni kwahiyo nitaandika refu.

Mwalimu shikamoo, heshima yako ipo, ila kanuni yako naipinga kidogo maana ingemuua dada Kiwira kwa mara ya pili. Umesema kitenzi cha kushikika kikikaa na kitu kisichoshikika ndo usimame. Sawa, kwenye bei inafanya kazi. Lakini parachichi linashikika! Na shelfu ipo, na supamaketi ipo. Hakuna kilichokuwa kinamwambia asimame. Ndo maana kaanguka. Vile ambavyo picha yake haiingii kabisa akilini wala havina shida, mtu akisema kampuni imemeza kampuni nyingine hakuna anayetafuta koo. Hatari iko kwenye ambavyo maana ya kawaida nayo inaingia vizuri.

Kilichokuwa kinaweza kumwokoa ni maneno ya jirani. Angalia sentensi inavyoanza, "since prices have slipped", kwasababu bei zimeshuka. Nani bei ikishuka anakimbilia kujaza duka? Sababu ni mbaya alaf matokeo yawe mazuri, hapo kuna kitu hakijakaa sawa. Na "decided to", wamekaa wakaamua, mambo ya kawaida hayatangazwi kama kikao. Kingine, duka likiingiza bidhaa wao kwa kawaida wanasema "stock". Hilo la mwisho ndo la kukariri kweli, halina ujanja.

Ila kuna kitu kingine kinanisumbua siku zote na sijaona mtu amekisema. Kiingereza kinachukua jina la kitu kinalifanya kitenzi hivihivi bila kulivalisha chochote, na hakikwambii kama kitu hicho unakiweka au unakitoa. Mfano "water" ni kuweka maji, unamwagilia. "Milk" ni kutoa maziwa. Mbona maji yanaingia na maziwa yanatoka na maneno yamekaa vilevile? "Seed" unaweka mbegu shambani, "weed" unatoa magugu shambani. "Skin" ni kuchuna, ngozi inatoka. "Shell" kwa karanga ni kutoa ganda, ila "shell" kwa kijiji ni kukipiga mizinga, Mungu atuepushe. "Dust" meza ni kufuta vumbi, "dust" keki na sukari ni kuinyunyizia. Neno moja, mikono inafanya kinyume.

Sasa Kiswahili chetu mbona kina adabu. Funga fungua, ziba zibua, kunja kunjua, tega tegua, ezeka ezua, anika anua. Ukisikia hako ka -ua mwishoni unajua kitu kinarudishwa nyuma. Kuna vinavyokataa, najua, kuua hakuna kinachorudi hapo, na kununua pia mtaniuliza, lakini vingi vinatii. Sisi sikio letu limelelewa kusikiliza mwisho wa kitenzi kitwambie kinaenda upande gani. Tukifika kwenye Kiingereza tunasikiliza mwisho, hamna kitu, tunabuni. Nadhani hapo ndo tunapoanguka wengi kuliko ufinyu wa msamiati.

Na ukivipeleka kwenye mfano vinabeba upande wao vilevile. "Milk" mtu ni kumkamua hela, zinatoka. "Weed out" wafanyakazi wabovu ni kuwang'oa. Kwahiyo mi nikikutana na kitenzi cha hivyo sijiulizi hiki ni kitu gani, kitu nakijua, najiuliza kinaingia au kinatoka, kinakuja kwangu au kinaondoka. Shelve, kitu kinaondoka mezani kinawekwa pembeni. Shoulder, kitu kinakuja juu ya bega, na kama dereva alivyosema, la nani?

---

Kijana_wa_Mafiati

Huyu wa Njombe ulanzi wa leo ulikuwa mzuri aisee. Ila "dust" imenivuruga, mi dukani nimeandika bango la Kiingereza "we dust cars". Tunafuta vumbi au tunapaka?

---

Mtogwa_Mtamu

Mnafuta. Kwa gari, meza, kabati ni kufuta. Lakini mngeandika "tunaosha magari", hapo Mafiati Mzungu anapita mara ngapi?

---

Mwl_Kihesa

Mtogwa, nimekubali. Kanuni yangu ilikuwa ya mtihani, ndani ya mtihani mtu hachumi kreti 60. Hilo la kuingia na kutoka nalichukua na nitalitumia kwa wajukuu bila kukutaja jina.

Nikupe moja ya kukusaidia hoja yako. "Table" kama kitenzi. Kwa Waingereza ku-"table" hoja ni kuileta mezani ijadiliwe sasa, sisi bungeni tunasema kuwasilisha hoja mezani, na nadhani tumeirithi kwao. Kwa Wamarekani ku-"table" hoja ni kuiacha ilale mezani, yaani tuipige chenga kwanza. Meza ileile, neno lilelile, maana zinapishana kama mabasi ya Igawa. Vita ya pili ya dunia Waingereza na Wamarekani wakiwa upande mmoja walibishana kikaoni kwa muda mrefu juu ya karatasi fulani, hawa wanataka iwe "tabled" na wale hawataki, kumbe wote wanataka kitu kimoja. Churchill mwenyewe aliandika habari hiyo. Kwahiyo binti hata wenye lugha yao wameumbuka, tena wao walikuwa na vita.

Mnunuzi wako ni wa wapi?

---

Binti_Kiwira

Mwalimu shikamoo na asanteni wote, umeme ulikatika ndo umerudi.

Mnunuzi ni Muingereza, ila anayeandika imeili jina lake sio la Kiingereza, nadhani naye anakitumia kwa kujifunza kama mimi, labda wote wawili tunaviziana tu.

Dereva, lile la "shoulder" lilinipita KABISA. Nimerudi kuangalia hesabu za mzigo wa kwanza nimekuta wamekata hela ya kreti na mimi nilidhani ni makato ya benki. Sasa nimeelewa zilikoenda. Sijui nicheke au nilie, mama nimemwambia kwa awamu.

Jana nikafuata wazo la Mtogwa la kuangalia kinakuja au kinaondoka, nikamjibu kwa Kiingereza cha shamba bila picha hata moja, nikauliza vitu vitatu tu: mzigo mtachukua au hamchukui, tarehe ngapi, kreti nani analipa na ni shilingi ngapi kwa moja. Nikaona aibu kidogo, barua yenyewe fupi kama meseji ya kudai.

Kanijibu leo asubuhi. Kreti tugawane nusu kwa nusu, hapo sikutegemea. Ila mwishoni kaweka tena: "Prices seem to have bottomed out." Bottom najua ni chini. Mtogwa, hii inaingia au inatoka?

---

Dereva_Kitonga

Niachieni hii ya kwangu. Bei imefika chini kabisa, imegusa ardhi, haina pa kushukia tena. Uko Mahenge, Kitonga umeimaliza, breki zinanuka lakini uko tambarare. Kwa kawaida ikifika hapo kinachofuata ni kupanda, japo hajasema kwamba imeshaanza kupanda.

---

Mwl_Kihesa

Sahihi. Na angalia hilo "seem", anadhani, hajaapa.

---

Binti_Kiwira

Kwahiyo nachuma au sichumi? Mama kakaa hapa kashika mkasi.

---

Mtogwa_Mtamu

Tarehe kaandika?

---

Binti_Kiwira

Hajaandika.

---

Mtogwa_Mtamu

Mnyang'anye mama mkasi.